Barabara ya Pangani na Baiskeli ya Mchuuzi

Anayetaka kwenda kwa baiskeli kutoka Tanga hadi Bagamoyo aulize kwanza upepo. Ramani ipo kwenye simu, madafu yapo njiani, gesti za kulala Pangani hazikosekani. Lakini upepo ukimkataa, safari nzima inageuka adhabu. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kusi, na mwenye kushuka kusini hukutana nayo uso kwa uso tangu anapoitoka mitaa ya mjini. Kaskazi inapoingia, Desemba hadi Machi, njia ileile inakunjuka yenyewe na hata mzigo hauonekani. Manahodha wa majahazi walipanga safari zao kwa hesabu hiyohiyo karne nyingi kabla baiskeli haijabuniwa. Masika yenyewe, Aprili hasa, mtu akae nyumbani atie oili mnyororo.

Hata siku ina hesabu yake. Toka baada ya swala ya alfajiri, kuna umande unaotoka nchi kavu na barabara bado ina ubaridi. Ikifika saa nne jua limekaa vizuri, upepo wa bahari umeamka, na mwenye akili ameshapata kivuli cha mwembe na sahani ya mihogo ya nazi.

Nayasema haya kwa sababu barabara hii inabadilika, na naona wanaoijadili wanaizungumzia kama watu waliozoea kuiona kwa kioo cha gari. Kwa miaka mingi Tanga hadi Pangani, kilomita kama 50, ilikuwa ya vumbi jekundu wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa mvua. Sasa ni sehemu ya barabara mpya ya lami ya Tanga–Pangani–Makurunge, kilomita 256, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwa miongoni mwa wafadhili. Imebuniwa iwe kiungo cha pwani nzima, kuanzia Malindi na Mombasa, kupitia Lunga Lunga na Tanga, mpaka Bagamoyo.

Mimi si katika wale wanaolilia vumbi. Kuna waendesha baiskeli wa mapumziko, wengi wao kutoka mbali, ambao barabara ya kijiji ikitiwa lami wao huona imeharibiwa. Waende wakamweleze hayo mama mjamzito wa Kigombe aliyepakiwa kwenye pikipiki usiku wa mvua ili afike hospitali. Pangani imekaa mno pembeni, na lami ni haki yake. Ninachouliza ni kingo za lami hiyo ni za nani.

Tuanze na njia yenyewe, maana wengi wanaipita bila kuiona. Kama kilomita 20 kutoka mjini kuna Tongoni. Ukiwa kwenye basi ni jina tu na kibao. Ukiwa kwenye baiskeli unaingia kushoto, unapita minazi na mibuyu, unafika kwenye magofu ya msikiti na makaburi kama 40 ya karne ya 14 na 15, mengi yakiwa ya nguzo, na bahari iko palepale nyuma ya mikoko. Hapa palikuwa Mtang'ata, mji wa biashara wakati Tanga haijawa kitu. Mwaka 1498 Wareno wa Vasco da Gama wakielekea Mombasa walipandisha merikebu yao moja, São Rafael, kwenye mafungu ya eneo hili, wakafanikiwa kuikwamua. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wao wengi wamekwisha kufa, hawakuwa tena na watu wa kutosha kuendesha merikebu tatu. Ile ile ndiyo waliyoichoma moto, karibu na mahali ilipokwama. Historia ya namna hii haihitaji jengo la makumbusho. Inahitaji mtu mwenye nafasi ya kusimamisha baiskeli yake chini ya mti akakaa.

Baada ya Tongoni njia inapanda na kushuka. Si milima, ni vilima vya pwani ambavyo dereva havijui kabisa ila mapaja ya mkanyagaji yanavijua kimoja kimoja: unapanda kidogo, unaona bahari, unashuka kwenye kijito chenye mikoko, unapanda tena. Upande wa bara, siku ikiwa safi, Usambara imelala kwa mbali rangi ya bluu. Kulia na kushoto ni mkonge, mistari mirefu iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mkonge wote wa nchi hii asili yake ni huku. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, na iliyofika Pangani ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa katani. Ukipita leo kwenye makambi ya mashamba hayo utakuta watoto wa watoto wa manamba waliotoka bara, wanakula samaki wa Kigombe kama Wadigo na Wazigua.

Na samaki hao wanafikaje makambini? Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi kilicho katikati ya Tanga na Pangani, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumtoa kwenye jarife zao miaka ya 2000. Fika dikoni asubuhi ngalawa zinaporudi. Dalali anataja bei, wanawake wa kukaanga wanagombea dagaa, wenye magari na makasha ya barafu wanachukua nguru na kolekole wa kupeleka mjini. Pembeni kidogo, chini ya mkungu, zimeegeshwa baiskeli.

Ziangalie vizuri. Nyingi ni Phoenix nyeusi za fremu nzito. Keria ya kiwandani imeng'olewa zamani, mahali pake pamewekwa ya nondo iliyochomelewa na fundi wa mtaani, pana, imeshuka mpaka karibu na ekseli ili uzito ukae chini. Juu yake kuna tenga lililofungwa kwa vipande vya tyubu iliyochanwa, maana hakuna kamba inayoshika kama mpira. Ndani yake ni majani ya mgomba, kisha vibua, tasi, pono, kilichobaki baada ya wenye magari kuchagua, kisha gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Breki ya nyuma mara nyingi haipo. Kwenye mteremko mwenyewe anashusha mguu na kuisugua kandambili kwenye tairi. Chini ya kiti kuna mfuko wa plastiki wenye kiraka, solusheni na kipande cha msasa. Pampu imebanwa kwenye fremu.

Mtu huyu akishapakia hana muda wa kupiga soga. Barafu hana. Jua linapanda na samaki hawamsubiri. Atakanyaga na mzigo wenye uzito wa mtu mzima kuelekea bara, kwenye makambi ya mkonge na vijiji vya njia ya Muheza, akipiga honi ya mpira mlango kwa mlango, na mchana atarudi na tenga tupu au na mihogo na machungwa. Nimewahi kujaribu kumfuata mmoja wao nikiwa na baiskeli ya gia, nyepesi, isiyo na mzigo. Kwenye tambarare nilikuwa naye. Kwenye kilima cha kwanza alishuka, akasukuma kwa mwendo wa haraka, akapanda tena bila kukata pumzi, na nilipofika juu alikuwa amegeuka kuwa honi ya mbali tu.

Sasa watu wa mipango wanapozungumzia "utalii wa baiskeli" wa pwani, picha wanayoichora ina kijana mwenye kofia ngumu na miwani, ufukwe, hoteli, na bango lenye mishale. Mchuuzi hayumo. Kumbe njia zote nzuri za baiskeli kati ya Tanga na Pangani ni zake: ni yeye aliyezikanyaga zikawa njia, akakwepa mchanga mzito, akajua daraja la miti liko wapi na kisima cha maji baridi ni cha nani. Mgeni yeyote aliyewahi kusafiri vizuri kwa baiskeli ukanda huu amesafiri katika nyayo za samaki, hata kama hakujua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja. Tukiijenga barabara hii ikamfaa mchuuzi wa Kigombe, mtalii atakuja mwenyewe na hatatusumbua. Tukiijenga imfae mtalii, tutapata kibao na mchuuzi atagongwa na basi.

Neno kugongwa silisemi kwa kutisha watu. Vumbi lilikuwa na kasoro zake zote, lakini lilimlazimisha dereva kwenda pole. Lami nyembamba isiyo na mabega ya kutosha ina tabia inayojulikana nchi nzima: basi linakuja kwa kasi, linapiga honi moja ndefu, na mwenye baiskeli anajitupa majanini na tenga lake. Samaki wakimwagika kwenye kokoto hakuna wa kumlipa. Matuta ya vijijini yanasaidia mahali palipo na shule na zahanati. Katikati ya kijiji na kijiji hayapo, na hapo ndipo safari ya mchuuzi ilipo.

Kuna mahali duniani ambapo mambo yalifanywa kwa mpango ninaoupenda. Japani, kati ya mji wa Onomichi na mji wa Imabari, kuna msururu wa visiwa sita vya wavuvi na wakulima wa machungwa na malimau, ambavyo madaraja ya kuviunganisha yote yalikamilika mwaka 1999. Njia hiyo, Shimanami Kaido, ina urefu wa kilomita kama 70 na leo ni maarufu kwa waendesha baiskeli wa mataifa yote. Lakini madaraja yale hayakuwekewa njia ya baiskeli kwa ajili ya wageni. Yaliwekewa kwa sababu wakazi wa visiwani walihitaji kuvuka kwenda shule, sokoni na kwa jamaa zao bila kuwa na gari. Njia za kupandia darajani zimezungushwa taratibu, mwinuko wa asilimia kama 3 tu, hata bibi mwenye kapu la machungwa apande bila kushuka. Baadaye ndipo mstari wa bluu ulipochorwa barabarani kumwongoza mgeni. Mwenyeji alitangulia, mstari ukafuata.

Daraja la Pangani lina nafasi ya kufanya hivyohivyo. Kabla yake, aliyetaka kuvuka kutoka mjini kwenda Bweni alisubiri kivuko, baiskeli ikasimama kati ya mbuzi, magunia ya nazi na pikipiki, na katika dakika zile chache za majini mtu alipata habari zote za wilaya. Daraja litafuta kusubiri huko, na hakuna atakayelia. Lakini mita 525 ni mwendo mrefu kwa mtu anayesukuma tenga huku lori likimpumulia kisogoni, na kusi darajani haina huruma. Njia ya baiskeli na waenda kwa miguu itenganishwe na magari kwa ukingo halisi. Rangi peke yake lori haliioni. Na kivuko kidogo kibaki, hata kama ni boti tu, kwa wanafunzi na wachuuzi ambao mji wao na soko lao viko mtoni, maana watu hawa hupima safari kwa nguvu za miguu.

Jambo la pili ni dogo zaidi kwa gharama, na nadhani ndilo bora. Barabara mpya inapojengwa hunyoosha kona. Kila kona iliyonyooshwa huacha kipande cha barabara ya zamani, kinachopita mbele ya maduka, msikitini, chini ya miembe. Kwa kawaida kipande hicho huachwa kiote nyasi au mtu hukizungushia ua. Kipewe TARURA pamoja na halmashauri, kitiwe changarawe, vipande viunganishwe kwa njia za miguu zilizopo tayari, na pwani itakuwa na njia ya pili isiyo na magari makubwa kutoka Mwarongo mpaka Boza. Hakuna haja ya kubuni kitu. Wachuuzi watakuonyesha mahali pa kuunganishia.

Najua nitaambiwa wachuuzi wenyewe wamehamia kwenye pikipiki. Ni kweli kwa wengi, na kijana akipata mkopo wa bodaboda simlaumu hata kidogo; mimi ningechukua. Lakini petroli ikipanda utaona baiskeli zinarudi barabarani wiki hiyohiyo. Halafu baiskeli si ya mchuuzi pekee. Mkoa huu una desturi yake: mjini Tanga mama mwenye buibui juu ya baiskeli hashangazi mtu, na mwanafunzi wa sekondari anayekanyaga kilomita nane kwenda na nane kurudi hatapewa pikipiki na mzazi yeyote mwenye akili. Njia itakayomfaa mwenye tenga itamfaa na huyu.

Kusini ya mto ni habari nyingine, na nitaipita haraka ingawa ndiyo inayopendwa kwenye picha. Ukitoka Bweni unapanda kilima, na juu hapo geuka nyuma: mji wa Pangani wote, boma, mnazi kwa mnazi, mto wa rangi ya chai ya maziwa ukiingia baharini. Ni mji uleule alikonyongewa Abushiri bin Salim tarehe 15 Desemba 1889, baada ya kuwasumbua Wajerumani pwani nzima kwa zaidi ya mwaka. Baada ya hapo ni Ushongo, ambako maji yakipwa mchanga unakuwa mgumu na watu huendesha baiskeli ufukweni kwa raha, mradi unajua saa za bamvua na huachi maji yakukute mbali na njia ya kutokea. Kipumbwi ni bandari ya majahazi ya Mkokotoni, Unguja. Kisha udongo unageuka mweusi, ule wa mbuga, ambao mvua ikinyesha hata kidogo hujikusanya kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Mkwaja na Saadani ni hifadhi ya taifa, kuna tembo, nyati na simba. Hapo kitu cha busara ni kupakia baiskeli kwenye gari na kulipa kiingilio. Nimesikia vijana wakijisifu kuipita peke yao. Simba hajui kama wewe ni wa mazoezi.

Upande wa kaskazini nako, kilomita 65 kutoka Tanga hadi mpakani Horohoro, kisha Lunga Lunga, Vanga, Shimoni na Gazi, huku Shimba Hills ikikutazama kutoka juu upande wa bara, kuna safari nzima inayostahili makala yake. Nitaje Gazi tu, maana inanisaidia hoja. Pale wanawake wa kijiji walijenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, na wao ndio wanaoisimamia. Mgeni anaingia, analipa, anakula samaki wao. Tangu 2013 kijiji hicho na jirani zake kimekuwa kikiuza hewa ya ukaa ya mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja, fedha zikaenda kwenye maji na shule. Hawakusubiri hoteli ije kuwaajiri. Kigombe na Ushongo hazina upungufu wa mikoko wala wa akina mama.

Kuhusu wageni wenyewe nina maneno machache, maana nao wakati mwingine huchosha. Bukta za kubana ni nguo ya kazi, hakuna ubishi, lakini unapoingia kijiji cha Waislamu na kukaa barazani mbele ya wazee, vaa pensi pana juu yake au jifunge kikoi. Ramadhani usitafune barabarani ukashangaa kwa nini watoto wanakukodolea macho. Salimia kwanza, uliza njia baadaye, anayeanza kwa "Pangani ni wapi?" ataonyeshwa njia ndefu. Ukitaka kulala kijijini nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ujitambulishe, utapewa mahali na pengine na uji wa asubuhi. Na pancha ikikupata, mpe fundi wa kijiji kazi hata kama una kila kifaa kwenye begi lako. Ataziba haraka kuliko wewe, kiraka chake kitafika Bagamoyo, na dakika ishirini chini ya kibanda chake utasikia nani amenunua boti mpya, njia gani imekatika na bei ya changu leo dikoni.

Mhandisi wa kingo za barabara naye nina ombi kwake. Asubuhi moja ya msimu wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu na ngalawa nyingi zimetoka, aache gari Tongoni akodi Phoenix. Akae dikoni Kigombe mpaka mnada uishe, ahesabu matenga yanayotoka na apime upana wa keria moja yenye mzigo, kutoka ukingo wa tenga hadi ukingo mwingine. Aongeze nafasi ya kuyumba kwenye mlima, na nafasi ya mwenzake anayetaka kumpita. Namba atakayoipata aiandike kwenye mchoro kama upana wa bega la barabara, na asikubali mtu wa fedha aipunguze.